Mulima moja, nyundo moja, miaka 22: namna kijiji cha India kilipata njia



Kuko picha moja inazunguka mu matelefone. Muzee mwembamba amesimama mu njia iliyopasuliwa katikati ya mulima wa mawe, ukuta wa jiwe kushoto, ukuta wa jiwe kuume. Chini ya picha wanaandika: mwenye kutaka anaweza. Kuko hata wakubwa wa kazi wanaipenda hii picha. Wanaitumia kwa kusema kama mufanyakazi asilie-lie, ajikaze tu.

Muzee ule ni Dashrath Manjhi, mutu wa kijiji cha Gehlaur, distrikti ya Gaya, jimbo la Bihar, inchi ya India. Hadisi yake ni ya kweli. Lakini sisi wa sindika tunaona kama watu wanaisoma nusu. Wanatazama nyundo, hawatazami barabara. Wanasifu nguvu ya mutu moja, hawaulizi juu ya nini mutu moja aliachiwa kazi ya Leta kwa miaka 22. Leo tunataka kuieleza yote, juu humu kwetu pia kuko vijiji vingi nyuma ya milima, na kuko wamama wa mimba wanabebwa ku kinga.

Kijiji nyuma ya mulima

Bihar iko upande wa mashariki na kaskazini ya India, mu bonde la mutoni mukubwa wa Ganga. Ni jimbo lenye watu wengi sana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, Bihar ilikuwa na watu zaidi ya milioni 104. Kilometa mraba moja ilikuwa na watu 1 106, na hakuna jimbo lingine la India lililoipita. Wala tusifikiri kama ni muji tu fasi yote. Katika watu 100 wa Bihar, karibu 89 wanakaa mugini. Distrikti ya Gaya peke yake ilikuwa na watu karibu milioni 4,4.

Muji wa Gaya unajulikana dunia muzima. Karibu nayo kuko Bodh Gaya, fasi wafuasi wa Buda wanasema mukubwa wao alipata mwangaza. Kila mwaka watu wanatoka Japani, Thailand, Sri Lanka na inchi zingine kuja kusali pale. Uwanja wa ndege uko, hoteli ziko. Mu distrikti ile ile njo Gehlaur iko, kijiji ambacho mutu alipogonjwa, alibebwa kwa miguu kupita ku mulima.

Mulima ule si murefu sawa Kilimanjaro. Ni kichuguu kirefu cha mawe magumu, kama ukuta, kinakata inchi mara mbili. Upande moja kuko Atri, na Gehlaur yenyewe. Upande wa pili kuko Wazirganj, fasi ya soko, ya munganga, na ya gare ya treni. Kwa macho ni karibu. Lakini barabara ilizunguka mulima. Kutoka upande wa Atri mpaka upande wa Wazirganj, kwa kuzunguka, ilikuwa karibu kilometa 55. Kwa kupita katikati, ingekuwa kilometa 15.

Tuhesabu kidogo. Mutu muzima anatembea kilometa 5 kwa saa moja. Kilometa 15 ni saa tatu: unaenda asubui, unauzisha, unarudia mbele ya giza. Kilometa 55 ni saa kumi na moja, kwenda tu. Ni kusema siku mbili, na fasi ya kulala, na chakula cha njiani. Mwenye kuwa na mugonjwa anaweza kufika na maiti. Mutoto hawezi kusoma upande wa pili. Mwenye biashara wa upande wa pili naye, akijua kama hauna njia ingine, anakupimia bei vile anataka.

Basi watu wa Gehlaur walifanya vile watu wote wangefanya: walipanda mulima. Kulikuwa kanjia kembamba juu ya mawe, mutu anapita akijishikilia. Wanawake walipita pale na mizigo ku kichwa.

Tena inafaa kujua hawa watu ni nani. Manjhi alikuwa wa kabila linaloitwa Musahar. Katika desturi za zamani za India, watu wanapangwa kwa kuzaliwa, na Musahar wako chini kabisa. Jina lao lenyewe linawataja kama walaji wa panya, na wengine walilifanya kuwa tusi. Wengi hawana shamba. Wanalima mashamba ya wengine, wanalipwa kwa siku. Nyumba zao mara nyingi ziko pembeni ya kijiji, fasi barabara inafika ya mwisho ao haifike kabisa. Kwa hiyo mulima ulikata njia ya watu wote, lakini uliumiza zaidi maskini.

Mutu aliyetoka ku mashimo ya makala

Wachimbaji, musikie hii. Hadisi ya maisha yake inasema kama Manjhi, akiwa kijana, alikimbia kwao na kwenda kufanya kazi mu mashimo ya makala ya mawe ya Dhanbad. Dhanbad njo muji wa makala ya mawe wa India. Leo uko mu jimbo la Jharkhand, lililotengwa na Bihar mwaka 2000. Kwa hiyo mbele ya kushika nyundo yake juu ya mulima, alikuwa amekwisha kuona namna jiwe linapasuliwa. Alikuwa mutu wa kazi yetu.

Alirudia Gehlaur, akaoa. Bibi yake aliitwa Falguni Devi. Manjhi alikuwa anafanya kibarua mu mashamba upande wa pili wa mulima, na bibi alikuwa anamuletea chakula na maji kwa kupita ku kanjia kale. Siku moja alianguka, akaumia. Kifo chake kinasimuliwa kwa namna mbili: wengine wanasema alikufa juu ya kuanguka kule, wengine wanasema aligonjwa na hawakuweza kumufikisha ku munganga kwa wakati. Katika zote mbili, aliyemuua ni mulima.

Mwaka 1960 Manjhi aliuzisha mbuzi zake. Na ile feza alinunua nyundo, burini na baramini. Akapanda mulima, akaanza kugonga.

Watu wa kijiji walisema amekuwa mwenda wazimu. Mutu asiye na shamba, asiye na feza, anapiga mulima? Yeye aliendelea. Mu saa za kazi alilima mashamba ya watu kwa kutafuta chakula cha watoto, na saa zingine zote alikuwa ku mulima. Wanasimulia tena kama alikuwa anawasha moto wa kuni juu ya jiwe, jiwe likishapata moto sana anamwanga maji, na jiwe linapasuka. Mu inchi nyingi wachimbaji walifanya hivi zamani, mbele ya baruti kujulikana.

Nyuma ya miaka, kicheko kilipunguka. Wengine walianza kumuletea chakula, wengine walimusaidia kununua vyombo. Mwaka 1982 njia ilifunguka upande moja mpaka upande wa pili. Kilometa 55 zikawa 15.

Tupige hesabu kama wachimbaji

Njia ile ina urefu wa meta 110, upana wa meta 9,1, na kina kinachofika meta 7,6 fasi zingine. Mwenye kusoma gazeti anaona namba tu. Sisi tunaona tone.

Tukikamata ile kina fasi yote, tunapata karibu meta kibe 7 600. Tukate nusu, juu si fasi yote mulima ulikuwa murefu vile: 3 800. Meta kibe moja ya jiwe gumu inapima karibu tone 2,6. Inakuwa karibu tone 10 000 za mawe. Kwa miaka 22, ni tone 455 kila mwaka. Kwa siku moja, tone moja na robo, bila siku ya Mungu, bila konje, bila kugonjwa. Ni sawa mifuko 25 ya kilo 50, kila siku inayopita, kwa mikono ya mutu moja mwenye kulala njaa mara nyingi. Hana kaske, hana bote, hana gants, hana mushahara.

Sasa tuulize swali la pili. Kampuni yenye mashini ya kutoboa, baruti na kamyo mbili tatu, ingekata meta kibe 3 800 kwa wakati gani? Mufanyakazi yeyote wa kariere anaweza kujibu: majuma machache. Hapa njo tunataka kufika. Mulima wa Gehlaur haukuwa kazi ya kushinda inchi. India ya mwaka 1960 ilikuwa na mashini, ilikuwa na mainjinia, ilikuwa na baruti, ilikuwa inatengeneza chuma na mabarazi makubwa ya maji. Kilichokosekana ni mutu wa kuamua kama watu wa Gehlaur wanastahili yale majuma machache.

Tunamwinamia Manjhi. Ni mukubwa wetu. Lakini miaka 22 ya mutu moja, mbele ya majuma machache ya Leta, ile ni deni. Mwenye kututumia picha yake kwa kutunyamazisha anasahau kusoma ile deni.

Na Leta yenyewe ilikuja kukubali, ijapokuwa kwa kuchelewa. Inasimuliwa kama Manjhi alitembea kwa miguu kufuata reli mpaka New Delhi, muji mukubwa wa inchi, kwa kuomba barabara iwekwe godro na kijiji kipewe lopitali. Mwaka 2006 Nitish Kumar, mukubwa wa serikali ya Bihar, alimupokea na kumukalisha mu kiti chake mwenyewe. Alikufa kwa kansere tarehe 17/8/2007, mu lopitali kubwa ya New Delhi, na jimbo likamuzika kwa heshima ya Leta. Mwaka 2015 ikatoka filme ya maisha yake. Mwaka 2016 posta ya India ikatoa tembre yenye sura yake. Munganga wa karibu njo kitu alikuwa anatafuta tangu siku ya bibi yake. Mwishoni yeye mwenyewe alifia mbali na kwao, ku lopitali ya muji mukubwa.

Leta inahesabu watu, halafu inatoa barabara

Gehlaur si kijiji kimoja peke yake. Mwaka 2011 India ilihesabu watu zaidi ya miliare 1,2. Kati yao, milioni 833 walikuwa mugini. Vijiji vilivyoandikwa ni karibu 640 000, na vile vyenye watu ndani ni karibu 600 000. Kama kila kijiji kingengojea Manjhi wake, wangengojea mpaka mwisho wa dunia.

Namna wanahesabu inatufundisha. Hawaandiki watu peke yake. Kwa kila kijiji wanaandika nyumba ngapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wadogo wangapi, wangapi wanajua kusoma. Halafu wanaandika kama kijiji kina masomo, dispansere, maji, bisi, treni. Kama kitu hakiko, wanaweka herufi ya kuonyesha umbali: a ni chini ya kilometa 5, b ni kati ya 5 na 10, c ni kilometa 10 na zaidi. Mu ile liste, maisha ya kijiji yanasomwa kwa mustari moja. Ukiona c ku bisi, c ku lopitali, c ku masomo makubwa, umekwisha kujua namna wamama wanazaa pale.

Tarehe 25/12/2000 serikali ya India ilianzisha mupango wa barabara za vijiji, unaoitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kanuni yake ya kwanza ni ya namba. Fasi tambarare, makao yenye watu 500 na zaidi yana haki ya barabara inayopitika mvua na jua. Fasi za milima, za jangwa na za makabila ya porini, inatosha watu 250. Makao yanahesabiwa kama hayana njia ikiwa barabara nzuri iko mbali meta 500 ao zaidi. Ku milima ni kilometa moja na nusu.

Feza zilitoka wapi? Mwanzo zilitoka ku kodi iliyowekwa juu ya mazutu. Kila kamyo iliyokunywa mazutu ku barabara kubwa ilisaidia barabara ndogo ya mugini. Tangu mwaka 2015 majimbo nayo yanaleta sehemu yao: Leta kubwa inaleta 60 ku mia, jimbo linaleta 40. Kampuni inayotengeneza barabara inafungwa na kontra kuitunza miaka mitano. Mashimo yakitokea mwaka wa pili, ni yeye anarudia kuziba. Tena ku kazi inasimikwa kibao chenye maandiko ya luga ya wenyeji, kinachoonyesha mawe na vyombo vilivyopangwa kuingia mule. Mwanakijiji anaweza kupima kwa macho yake.

Mpaka leo zimetengenezwa zaidi ya kilometa 700 000, na makao zaidi ya 150 000 yamepata njia. Si yote yaliyotengenezwa vizuri, na kuko fasi barabara iliisha ku karatasi. Lakini kanuni iko: watu 500, barabara moja. Mutu anaweza kuisimamia na kuuliza, sisi tuko 530, barabara yetu iko wapi?

Anayebaki inje ya namba

Kanuni ya namba ina mwiba wake. Makao ya Musahar na ya maskini wengine mara nyingi ni tuvijiji tudogo pembeni ya kijiji kikubwa. Tuseme kikundi cha watu 480: wamekosa 20 tu, na hawana haki ileile. Mupango unaruhusu kuunganisha hesabu ya makao yaliyo karibu-karibu, ndani ya meta 500, ili yafike 500 pamoja. Lakini inafaa mutu aombe, aandike, afuatilie. Wasiojua kuandika wanapitwa.

Mwiba wa pili ni hesabu ya zamani. Mwanzoni mupango ulifuata watu vile walihesabiwa mwaka 2001. Kijiji cha watu 400 wakati ule kinaweza kuwa na watu 700 leo, na mu kitabu kikabaki 400. Mwaka 2024 serikali ilikubali sehemu mupya ya mupango, kwa makao 25 000 yasiyo na njia, kwa kufuata hesabu ya 2011. Hesabu iliyopaswa kufanyika mwaka 2021 iliahirishwa wakati wa ugonjwa wa Korona, na sasa imepangwa mwaka 2027. Watoto waliozaliwa nyuma ya 2011 wanatembea ku matope, lakini mu kitabu hawajazaliwa.

Barabara imefika, halafu?

Tusidanganyane: barabara haimalizi umaskini. Wanauchumi walifuatilia vijiji vya India vilivyopata barabara mu mupango ule. Waliona kama, nyuma ya miaka mine, kilichobadilika zaidi ni watu kutoka mu kazi ya shamba na kwenda kutafuta kazi inje ya kijiji. Mavuno hayakuongezeka sana, mali ya nyumba haikuongezeka sana. Barabara ilimupeleka mufanyakazi ku kazi. Kama kazi yenyewe haiko, ao inalipwa vibaya, barabara haina mukosa, lakini haitoshi.

Tena barabara bila chombo cha kupita juu yake ni nusu. Bihar ilielewa hii. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia ku darasa la 9 feza za kununua kinga. Masomo makubwa yalikuwa mbali, na wazazi waliogopa kumutuma binti kwa miguu kilometa nyingi. Watafiti waliopima waliona wasichana wa masomo ya juu wameongezeka karibu theluthi moja, zaidi kwa wale wanaokaa kilometa 3 na zaidi kutoka ku masomo. Wasichana wakaenda pamoja, kinga kumi, kinga ishirini, mutu asiweze kuwafunga njia. Kinga moja ilifanya kile hotuba nyingi zilishindwa.

Kazi ya mikono ilipwe

Mwaka 2005 India ilitoa sheria ingine, na kwetu sindika njo tunaipenda zaidi. Sheria ile ilisema kila nyumba ya mugini ina haki ya siku 100 za kazi yenye malipo kwa mwaka: kuchimba visima vya mvua, kutengeneza njia za kijiji, kusimamisha udongo usibebwe na maji. Ilikataza kuipatia kampuni ile kazi, ilikataza mashini zinazonyanganya watu kazi, na ilitaka walao 60 ku mia ya feza iende ku mishahara. Malipo yalichelewa fasi nyingi, na wafanyakazi waliandamana juu ya ile. Lakini tazama tofauti. Mwaka 1960 Manjhi aligonga mawe ya njia ya wote bila franka moja. Nyuma ya miaka 45, sheria ya inchi yake ikasema kama mukono wa mwanakijiji ku njia ya kijiji ni kazi, na kazi inalipwa.

Tunasema hii juu huku kwetu watu wanapenda neno salongo. Kusafisha kartie pamoja ni vizuri. Lakini kuwaambia wanakijiji watengeneze barabara inayobomolewa na kamyo za mine, kwa mikono na kwa bure, ile hapana.

Na sisi huku?

Wandugu, India haiko paradizo, na hatukuandika hii kwa kusifu serikali ya mutu. Tumeandika juu ya somo moja. Barabara inaanza na hesabu. Hesabu ikikosa, kila kitu kinakuwa zawadi ya mukubwa, na zawadi haidaiwi.

Inchi yetu ilihesabu watu wote mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi wanaosoma hii gazeti hawakuwa wamezaliwa. Kijiji kilicho karibu na shimo la mine kinaweza kuwa kimekua mara kumi, na hakuna kitabu cha Leta kinachokijua.

India iliweka mwaka 2015 sheria ya kila distrikti yenye mine kuwa na mufuko wake, unaojazwa na kampuni za mine: kwa mine za zamani, kiasi kinachofika 30 ku mia ya redevansi. Masharti ya mwaka ule yalisema walao 60 ku mia iende ku maji, afya, masomo na mambo kama yale, na mpaka 40 ku mia inaweza kwenda ku barabara, madaraja na zingine. Sisi nasi tuko na yetu. Kode ya mine ya 2018 inasema 15 ku mia ya redevansi iende ku sekteri, komine ao shefferi ya pale mine iko. Inasema tena kampuni iweke walao 0,3 ku mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Na kuko cahier des charges, fasi ahadi za kampuni kwa wenyeji zinaandikwa. Sheria iko. Kinachokosa mara nyingi ni karatasi ya kijiji yenye namba.

Kwa hiyo tunaomba kamati za sindika, wamama wa vyama na vijana wafanye kitu hiki mbele ya mvua. Mukamate kaye moja. Muhesabu nyumba za kijiji, moja moja: watu wangapi, watoto wa masomo wangapi, wamama wa mimba wangapi, wazee wangapi. Musisahau tuvijiji tudogo pembeni, hata ya nyumba tano. Mupande pikipiki yenye kompteri inayofanya kazi, mupime kilometa kutoka ku kijiji mpaka ku dispansere, ku masomo, ku soko, ku barabara ya godro. Muandike njia inafungwa miezi ngapi wakati wa mvua, na nani alikufa njiani ao alizaa njiani mwaka huu, kama familia yake inakubali. Shefu wa kijiji aweke sinyature. Mutengeneze kopi tatu: moja ku sekteri, moja ku kampuni, moja ibaki kwenu.

Siku ya mukutano wa cahier des charges, musiende na maneno peke yake. Muende na ile kaye. Mukubwa anaweza kumujibu mutu mwenye kulia kwa kumupa pole, lakini kwa kijiji chenye watu 612, kilometa 23 mbali na munganga, inafaa aseme barabara itaanza tarehe gani na itatoka ku feza gani. Akikataa, mumuombe aandike kama amekataa.

Burini na nyundo tunazo, na mikono yetu inajua jiwe. Tuzitumie ku kazi inayolipwa. Kuhusu mulima uliokata njia ya kijiji, tupeleke hesabu kwa mwenye deni.